Alama Namba Sita

Hakuwa na cheti cha sekondari. Hakuwa na jino hata moja la juu upande wa kushoto. Hakuwa na mke tangu miaka minne iliyopita, wala mtoto wa kumwita baba. Hakuwa na koti la kuvaa kwenye hafla, ingawa alikuwa na tai tatu. Hakuwa na subira na watu wanaochelewa. Hakuwahi kucheza mchezo wowote wa kompyuta, na wala hakuwa na hamu. Jina lake lilikuwa limechapwa mara moja tu maishani, kwenye tangazo la msiba wa mkewe, na hata huko walikosea herufi mbili.

Alichokuwa nacho ni jicho. Kwa miaka thelathini na moja alisoma prufu, nakala za majaribio za kusahihishwa, katika kiwanda cha uchapaji: ratiba, kalenda, fomu za serikali, vitabu vya shule vilivyoandikwa na wengine. Aliweka rula ya chuma chini ya kila mstari na hakuishusha mpaka aridhike. Wenzake wakamwita Rula, na jina likamganda. Jioni, baada ya kunawa wino mikononi, alikwenda kwenye madarasa ya watu wazima, akajifunza hesabu, sayansi na lugha mbili za kigeni. Mtihani wa mwisho hakuufanya, kwa kuwa wiki ile ndiyo mkewe alipolazwa kwa mara ya kwanza.

Alipokuwa na miaka sitini na sita aliona tangazo kwenye ubao wa maktaba. Chuo kikuu kilitafuta mtu makini wa kuweka alama. Elimu haikutajwa. Akavaa tai yake ya kahawia, akaenda.

Maabara ilikuwa chumba kirefu cha ghorofa ya tatu, chenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe nusu ya chini ili jua lisipige kwenye skrini. Mkuu wake alikuwa mama wa makamo aliyekuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na kila mtu alimwita Daktari.

"Mzee wangu," alimweleza siku ya kwanza, "mimi nachunguza jinsi watu wanavyojifunza kuishi pamoja, na jinsi tabia hizo zinavyobadilika kizazi hadi kizazi. Sasa, nikitaka kuviona vizazi kumi kwa macho yangu, itabidi niishi miaka mia tatu."

"Na huna mpango huo."

"Sina. Ndiyo maana nimetengeneza Bonde."

Bonde lilikuwa mchezo wa kompyuta unaochezwa na mamia ya watu kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwake. Mchezaji alijikuta katika bonde lenye baridi, akiwa na mkoba wa kubeba vitu vitano tu. Kulikuwa na kuni, mikate, bandeji, kamba na viberiti vya kuokota, na kulikuwa na mbwa mwitu. Lengo ni kufika kwenye daraja kabla baridi haijakuua. Wachezaji waligawanywa katika rangi nne. Wa rangi moja waliweza kuzungumza; wa rangi tofauti hawakuweza kuambiana hata neno moja. Kila baada ya wiki sita theluthi moja ya wachezaji wa zamani walitolewa na wageni wakaingizwa, hawajui lolote, nao wakajifunza kwa kuwatazama waliowakuta. Hicho ndicho Daktari alichokiita kizazi. Swali lake lilikuwa moja: baada ya vizazi kumi, mtu wa njano atampa kitu mtu wa buluu?

Kazi ya Rula ilikuwa kutazama kumbukumbu za mchezo na kuandika kila tendo kwa namba. Hakuona nyuso wala miili. Alichokiona ni ramani kutoka juu, yenye vitone vya rangi vinavyotembea, na pembeni mstari wa maandishi: Njano kumi na nne ameokota mkate. Buluu tatu amempiga Kijani tisa. Daktari alikuwa ameandika kitabu kidogo cha alama. Alama ya kwanza ni kumpa mwingine kitu. Ya pili kupokea. Ya tatu kubadilishana. Ya nne kunyang'anya. Ya tano kushambulia. Ya sita ni kufuja, na kitabu kilieleza: mchezaji anatoa kitu mkobani na kukiacha chini bila kukitumia. Zilikuwa alama kumi na mbili kwa jumla.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu ulikuwa na kanuni moja iliyopigiwa mstari. Mweka alama haruhusiwi kuucheza mchezo mpaka matokeo yachapishwe, asije akajenga upendeleo kwa mchezaji au kwa rangi. Rula aliipenda kanuni hiyo. Kiwandani pia msoma prufu hakuruhusiwa kunywa chai na mwandishi.

Mweka alama wa pili alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwenye vidole vyepesi mno, ambaye Rula alimwita Chapchap tangu siku ya kwanza. Naye hakuwahi kucheza. Kila mmoja aliweka alama zake peke yake, na Ijumaa walilinganisha. Katika matendo mia moja walitofautiana moja, wiki nyingine hata hilo halikuwepo. Daktari alisema hajawahi kuona waweka alama wanaolingana namna hiyo.

"Ni babu," alisema Chapchap. "Mimi nikikosea naona haya kabla hata sijagundua."

"Ungekuwa unaona haya ungefika saa mbili kamili," alijibu Rula.

Katika miezi kumi na minne waliweka alama matendo elfu sitini na moja. Matokeo yalikuwa ya wazi na ya kuhuzunisha. Katika kizazi cha kwanza, watu wa rangi tofauti walipeana vitu mara mia nne na kidogo. Katika kizazi cha kumi, mara tatu. Alama iliyopanda ni ya sita. Kadiri vizazi vilivyopita, ndivyo watu walivyozidi kufuja vitu ambavyo jirani alivihitaji. Daktari aliandika makala, na jarida kubwa la sayansi likaichapisha. Juu ya ukurasa kulikuwa na majina manne: la Daktari, la msanifu wa mchezo, la Rula, na la Chapchap.

Rula aliishi na kaka yake, mwalimu mkuu mstaafu, naye mjane, katika nyumba ya vyumba vitatu waliyoachiwa na wazazi. Walipokuwa watoto mama yao aliugua miaka miwili, na mmoja ilibidi abaki nyumbani kumuuguza. Aliyebaki ni mdogo, Rula. Mkubwa aliendelea na shule, akapata vyeti, akafundisha watoto wa watu miaka arobaini. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Walichozungumza ni mengine.

"Bwana mdogo, soma gazeti taratibu. Usilisahihishe, limeshatoka."

"Kama wangeniuliza mimi kabla, lisingetoka hivi."

"Wangekuuliza wewe, lingetoka mwezi ujao."

Jarida lilipofika, kaka alilichukua, akaingia nalo chumbani na kamusi. Aliisoma makala siku mbili. Siku ya tatu asubuhi Rula alisikia nyundo sebuleni. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umetiwa kwenye fremu iliyokuwa na picha ya mahafali ya kaka mwenyewe, na picha ya mahafali ilikuwa imelala mezani, kifudifudi.

"Kaka, hiyo picha yako—"

"Ilishapauka," alisema kaka. Alikuwa bado ameshika nyundo. "Mdogo wangu, umenipita." Akaenda jikoni kuchemsha maji, akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Rula alibaki amesimama mbele ya fremu. Kwa miaka zaidi ya hamsini hakujua kwamba alikuwa akilisubiri neno hilo. Wiki ile kila mgeni aliyeingia, hata fundi wa bomba, alipelekwa sebuleni kwanza.

Ijumaa iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, Chapchap alivuta kiti chake mpaka kwenye meza ya Rula.

"Babu, leo unacheza."

"Nacheza nini?"

"Bonde. Makala imetoka, kanuni imekwisha. Mimi nacheza tangu Jumatano. Au unaogopa mbwa?"

"Mimi niogope mbwa wa kuchorwa?"

"Wamechorwa na meno."

Bonde lilikuwa bado wazi. Wachezaji walikuwa wa kizazi cha kumi na nne. Rula akapewa rangi ya kijani. Kwa mara ya kwanza hakuliona kutoka juu. Aliliona kwa macho ya mtu aliyesimama ndani yake, na likamtisha kwa ukubwa. Theluji ilifika magotini. Hakuona mbali zaidi ya hatua ishirini. Vidole vilivyoshika rula miaka thelathini na moja havikujua pa kukaa kwenye kibodi.

"Babu, huo ni mwamba, haufunguki."

"Naona."

"Sasa mbona unausukuma?"

Aliuzunguka mwamba. Akaokota kuni mbili, akafurahi kuliko alivyotaka ionekane. Kisha mbwa walikuja kutoka nyuma, watatu, na kabla hajajua kitufe cha kukimbia kiko wapi, skrini ilianza kuwa nyekundu pembezoni. Mtu wake alikuwa anatokwa damu. Chapchap alipiga kelele ya kitufe hiki, kitufe kile. Mbwa wakafukuza kitu kingine, na Rula akabaki amepiga magoti kwenye theluji, wekundu ukizidi kuziba skrini.

Hapo akatokea mtu wa njano. Rula alijua fika anachokuja kufanya: alama ya nne, kunyang'anya. Alikuwa ameiandika maelfu ya mara. Mtu wa njano alisimama hatua kadhaa mbali. Alitoa kitu mkobani, akakiweka chini. Akarudi nyuma hatua tatu. Akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena, akainuka. Kisha akakimbia kuelekea upande waliko mbwa.

"Chukua, babu! Bandeji hiyo! Utakufa!"

Rula akaichukua. Wekundu ukapungua, ukaisha.

"Kwa nini ameiacha pale?" aliuliza.

"Amekuachia wewe. Ndivyo wanavyofanya. Mimi nimeshaachiwa mara mbili tangu Jumatano, mkate na kamba. Wakichuchumaa mara mbili maana yake chukua, ni yako."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Unaona tu. Mimi mwenyewe jana nimemwachia mmoja wa buluu."

"Kuna kitufe cha kutoa. Alama ya kwanza. Kwa nini hakukibonyeza?"

"Ah, babu! Ukibonyeza Toa, mnasimama wote wawili sekunde tano, bega kwa bega, mpaka mwenzako abonyeze Pokea. Mtu wa rangi nyingine, huwezi hata kumwambia habari gani. Anaweza kukuchoma kisu. Mbwa wako nyuma yako. Nani atasimama?"

Alikuwa bado anacheka. Rula hakucheka. Alitoa mkono kwenye kibodi, akauweka juu ya kitabu cha alama kilichokuwa kando.

"Binti," alisema, "hili tendo la mtu wa njano, sisi tungeliandika namba ngapi?"

Chapchap alikivuta kitabu kutoka chini ya mkono wake, akakifungua. Kwenye skrini mtu wa kijani alisimama peke yake, theluji ikimjaa mabegani.

"Sita," alisema mwishowe.

Rula hakula siku ile. Alirudi kwenye kumbukumbu za kizazi cha kumi, akachagua matendo mia moja ya alama ya sita bila kupendelea, moja katika kila ishirini. Kwa kila moja alitazama kitu kilichoachwa chini na kuhesabu sekunde. Aliandika kwa penseli: nani aliacha, nani alikuwa karibu, nani aliokota, baada ya muda gani. Kuokota kulikuwa na alama yake, ya saba, nao walikuwa wameiandika kila mara, ila katika mstari mwingine. Hakuna aliyewahi kuunganisha mistari hiyo miwili. Kutoka juu kitone cha njano kilisogea, kikasimama, kikaondoka. Kuchuchumaa hakukuonekana kabisa.

Jumanne alimaliza. Katika matendo mia moja ya kufuja, katika sabini na nane kitu kilikuwa kimeokotwa na mtu wa rangi nyingine kabla ya sekunde ishirini kupita, na karibu waokotaji wote walikuwa majeruhi au hawana kuni. Akafanya vivyo hivyo kwa kizazi cha kwanza. Huko yalikuwa manne katika mia.

Aliitazama namba hiyo kwa muda. Watu wale hawakuwa wameacha kupeana. Walikuwa wamebuni namna yao ya kupeana, wakafundishana bila neno, kizazi hadi kizazi, na kila mmoja wao alipofanya hivyo mzee mmoja wa ghorofa ya tatu aliandika kwa uangalifu mkubwa kwamba amefuja. Chapchap naye aliandika vilevile. Walilingana kwa sababu walitii kitabu kimoja, na kanuni ya kutocheza, ile aliyoipenda, ndiyo iliyowafungia nje wote wawili.

Alimpelekea Daktari karatasi zake mchana huohuo. Daktari alibadilisha miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akarudia, akavuta kibodi na kuyakagua mwenyewe matendo kumi. Alipofika la saba alikuwa ameshaacha kuandika.

"Kitabu cha alama nilikitunga mimi," alisema. "Wewe ulifuata. Kosa si lako."

"Jina langu liko pale juu, Daktari. Haliko kama mfuataji."

"Nalijua hilo." Alivua miwani. "Mzee wangu, baraza la chuo linakaa baada ya wiki tatu kuamua kama maabara hii inaendelea na mimi naendelea nayo. Wanaisoma makala hiyo. Nipe wiki tatu. Baada ya hapo nitaandika marekebisho mimi mwenyewe, neno kwa neno kama ulivyoleta."

Alisema kweli, na Rula alijua kwamba alisema kweli. Alikuwa mtu mwaminifu aliyeogopa. Wiki tatu si muda mrefu kwa mtu wa miaka sitini na saba. Aliinamisha kichwa, na pengine angekubali, kama Chapchap asingekuwa amesimama mlangoni na bahasha.

"Samahani, Daktari. Hii imefika asubuhi, na nadhani tuisome sote."

Ilitoka katika ofisi iliyokuwa inawatafutia makazi watu waliohamishwa na mafuriko. Walikuwa wameisoma makala. Walikuwa wamepanga kuchanganya watu wa mitaa mbalimbali katika mabanda yaleyale. Sasa, kwa kuwa utafiti umeonyesha kwamba wageni hawasaidiani, walifikiria kuwatenga kila mtaa na banda lake na kuweka uzio katikati. Wangeamua mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulikuwa baada ya siku kumi na moja.

Nje ya mlango mtu alikuwa anaburuta meza za chuma sakafuni, moja baada ya nyingine.

"Sitaweza kusubiri, Daktari," alisema Rula.

Daktari aliikunja barua ya ofisi ile mara mbili, akaikunjua, akailaza mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Jarida linapokea tamko la mwandishi yeyote kati ya wanne," alisema taratibu. "Linataka karatasi, na sahihi ya wino. Wataiondoa makala. Ukiwaandikia wewe, sitakuzuia. Lakini ujue jambo moja. Kazi hii ikirudiwa, na itabidi irudiwe, wewe na huyu binti hamtaweza kuweka alama. Mmeshajua jibu."

"Kanuni hiyo nimeisoma. Ni kanuni nzuri."

"Kwa hiyo jina lako halitakuwepo kwenye ile mpya."

"Najua, Daktari."

Nyumbani alimkuta kaka yake sebuleni na mgeni, mwalimu mwenzake wa zamani, wote wawili wameinua shingo kuelekea ukutani. "La tatu hilo," kaka alikuwa anasema. "Soma. La tatu." Rula aliwasalimia, akangoja mgeni anywe chai yake na kuaga. Kisha akaeleza. Alieleza kwa mpangilio: kitabu, bandeji, mtu wa njano, sabini na nane, manne, mafuriko.

Kaka alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Wawili, Daktari na mwenzangu."

"Na huyo mkubwa wenu ameomba wiki tatu."

"Ameomba."

"Basi ana haki ya kuomba! Yeye ni daktari wa chuo, wewe ni nani umpite? Ulifanya ulichoambiwa. Kama mtihani umekosewa na mtunzi, msahihishaji anaadhibiwa? Miaka arobaini nimesahihisha mitihani, sijawahi kusikia!"

"Uliwahi kukuta swali limekosewa?"

Kaka alikusanya vikombe vya chai mezani.

"Mara moja," alisema. "Hesabu. Jibu la kwenye mwongozo halikuwa sahihi. Watoto thelathini na kitu waliandika jibu la kweli, nikawakosesha wote. Niliambiwa nifuate mwongozo." Alitazama viatu vyake. "Niligundua mwezi mmoja baadaye. Nikasema, matokeo yameshatoka."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Sikumwambia hata marehemu shemeji yako." Akainuka, akazunguka meza, akakaa tena. "Mdogo wangu, mimi nilikaa darasani kwa nafasi yako. Usidhani nimesahau. Nilipoona jina lako pale nilisema, sasa Mungu ametupa nafuu wote wawili. Na wewe unataka kwenda kulifuta kwa mkono wako."

"Sitaki, kaka. Sitaki hata kidogo."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo kwa sauti. Kaka akasogeza kitambaa cha meza kando, akafuta ubao wa meza kwa mkono wa shati, akamwekea karatasi.

"Andika. Nitaisoma."

Aliandika mchana kutwa wa kesho yake. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa nne, yote ikimtetea. Aliichana. Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Alieleza tendo lilivyokuwa, walivyoliandika, alivyokagua matendo mia mbili na alichokuta. Alieleza kwamba hitimisho la makala si kweli, na akaomba iondolewe. Kaka aliisoma akiwa na kalamu nyekundu ya zamani, ile aliyostaafu nayo. Aliishusha polepole mstari kwa mstari na hakuandika kitu. Karibu na mwisho alisimama.

"Hapa umesema, 'huenda tulikosea.' Una hakika, au huna?"

"Ninayo."

"Basi hiyo huenda inafanya nini hapa?"

Akalikata neno hilo kwa mstari mmoja mwekundu. Mengine yote aliyaacha. Rula akanakili upya kwa wino mweusi.

Asubuhi aliipeleka kwa Daktari kwanza, kwa heshima. Daktari aliisoma wima, karibu na dirisha. Hakuitia sahihi, wala Rula hakumwomba. Alifungua kabati, akatoa karatasi safi, akapiga chapa ile orodha ya matendo mia mbili, pamoja na namba za kumbukumbu na sekunde zake, kurasa saba, na chini ya kila ukurasa akaandika herufi za kwanza za jina lake kama mtunzaji wa data.

"Bila hii watasema ni manung'uniko ya mzee," alisema. "Na ile ofisi ya mafuriko nimeshawapigia simu. Wamesimamisha shauri lao."

"Ahsante, Daktari."

"Usinishukuru. Nilikuwa na usingizi mbaya siku mbili." Alimpa mkono. Rula aliushika kwa mikono yote miwili.

Chapchap alimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Babu, jina langu pia liko pale. Niongeze sahihi?"

"Una maisha marefu mbele yako. Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu Ijumaa, babu. Kwani mimi ni Chapchap wa kila kitu?"

Akaiweka barua kwenye ukuta wa ngazi, akatia sahihi chini ya ya Rula, kwa mwandiko wa taratibu kuliko wote aliowahi kumwona akiuandika.

Posta ilikuwa mtaa wa pili. Kulikuwa na watu wanne mbele yake kwenye foleni, na mmoja alikuwa na vifurushi vingi. Rula alisubiri, barua mkononi, kurasa saba nyuma yake. Alipofika dirishani karani aliitazama anwani, akataja gharama ya rejista, akamsukumia bahasha kubwa ya kaki.

"Gundi ya hizi bahasha haishiki vizuri, mzee. Lowesha sawasawa, halafu ubane."

Alizipanga karatasi ukingo kwa ukingo, akazitia ndani. Akalowesha sifongo, akapitisha kwenye gundi kutoka kona hadi kona, akakunja kifuniko, akakibana kwa kidole gumba kidogo kidogo mpaka mwisho, kisha akarudia. Karani aligonga muhuri mara mbili, akachana kipande cha risiti.

"Iende leo?"

"Leo," alisema Rula.

Karani akaitupia kwenye gunia lililokuwa nyuma yake, na kumwita anayefuata.